Barua za askari aliyebaki kambini sio mabaki ya vita

Aprili 2025 NEH, lile shirika la serikali ya Marekani linalotoa hela kwa kazi za historia na fasihi, lilifuta ruzuku zaidi ya 1,000 kwa mpigo. Mambo yakaishia mahakamani, ila kwa mkutubi wa chuo kidogo ambaye ana maboksi ya barua za vita vya pili vya dunia stoo, maana yake ni moja tu: hela ya kuskani ni ya mawazo, kwa hiyo lazima uchague boksi lipi linaanza. Na nikiongea na watu wanaopenda historia ya vita, wakiwemo Watanzania wenzangu ambao wanafuatilia mambo haya kuliko hata Wamarekani wengine, jibu ni lile lile, tuanze na barua za mapigano ya Normandy kule Ufaransa, za Iwo Jima kule Pasifiki, za waliotekwa, halafu zile za vijana waliokaa Marekani muda wote kwenye makambi ya mafunzo wakiviandikia vyuo vyao vya zamani kwamba wamehamishiwa Texas na chakula sio kibaya sana na msalimieni profesa, hizo zitasubiri. Mimi nasema hapo wanakosea, na wanakosea vibaya. Barua ya askari aliyebaki ndani ya nchi akiandikia chuo chake inatuambia vitu ambavyo barua ya Normandy haikuruhusiwa kutuambia, na kwa wengi wa askari hao huenda hakuna karatasi nyingine iliyobaki inayoonyesha waliwahi kuvaa gwanda.

Tuanze na idadi maana hapo ndo watu wanapotea. Marekani iliingiza watu kama milioni 16 jeshini kwenye vita ile, na kati yao karibu asilimia 73 ndo walivuka bahari. Waliobaki, zaidi ya robo, vita yao yote ilikuwa ndani ya Marekani, walimu wa marubani, mafundi wa ndege, makarani, watu wa redio, wapishi, watu wa hospitali, na wale wenye macho mabovu ambao jeshi liliwachukua kwa kazi nyepesi. Hao ni mamilioni ya watu. Na hata yule aliyevuka hakuvuka siku ya kwanza, alikaa kambini miezi, wengine miaka, ndo akapanda meli. Kwa hiyo ukisema maisha ya kambini ni pembeni ya vita unasema sehemu kubwa ya maisha ya jeshi lile ni pembeni. Halafu hata hayo makambi tusiyafikirie kama mahema tu porini, jeshi la anga lilichukua mahoteli ya Miami Beach na ya Atlantic City, kuruta analala chumba cha hoteli asubuhi anapiga kwata ufukweni, kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuona bahari anaiona kwa mara ya kwanza akiwa na sajenti anamfokea.

Sasa vyuo. Novemba 1942 umri wa kuitwa jeshini ulishushwa hadi miaka 18, na kuanzia hapo madarasa yakakauka wanaume. Vyuo vingi vikaanza kuandikiana na vijana wao, na mara nyingi haikuwa sera ya chuo kwa maana ya kikao na bajeti, ilikuwa mtu mmoja au wachache tu walioamua. Pale chuo cha ualimu cha Newark, New Jersey, ambacho leo ni Kean University, alikuwepo mkutubi Nancy Thompson, akawa anawaandikia wanafunzi waliokwenda jeshini, wanamjibu, anatoa kijarida cha habari zao anawatumia tena, na barua zile bado zipo kwenye maktaba ambayo leo ina jina lake. San Diego State kulikuwa na profesa wa jiografia, Lauren Post, akaendesha jarida linaitwa Aztec News Letter kuanzia 1942 mpaka 1946, matoleo 48, hesabu hiyo ni karibu kila mwezi kwa miaka minne, na sidhani kuna aliyempunguzia vipindi vya darasani kwa ajili hiyo. Bryant College, chuo cha biashara cha Providence, ilikuwa klabu ya wanafunzi, wengi wao wasichana, wanafunga vifurushi vya sigara na peremende wanavituma, na barua za kushukuru zilizorudi zinapita 1,300. Humo ndani zimechanganyika zote, za Pasifiki, za Ulaya na za Georgia, na ukizifungua ovyo ovyo utakuta za ndani ya nchi ni nyingi kuliko unavyotarajia.

Hoja yangu ya kwanza na nzito kuliko zote ni wembe wa mkaguzi. Barua ya askari wa Marekani aliyeko ng'ambo ilisomwa na ofisa wa kikosi chake kabla haijafungwa. Hawezi kusema yuko wapi, anafanya nini, kikosi kina hali gani, nani kafa, na akisema kinakatwa. Juni 1942 ikaja V-Mail, barua unaiandika kwenye fomu, inapigwa picha inakuwa filamu ndogo, inasafirishwa, inachapwa upya ikiwa ndogo kama kiganja, nafasi yenyewe haitoshi hata kusalimia ukoo. Na baya kuliko kukatwa ni kwamba askari mwenyewe alijua bosi wake anasoma, kwa hiyo anajikata kabla ya kukatwa. Aliyeko Georgia au Illinois kwa kawaida hakuwa na shida hiyo. Aliandika, akafunga bahasha, akaandika neno "Free" pale kona ya stempu, maana tangu Aprili 1942 askari waliruhusiwa kutuma barua bure hata wakiwa ndani ya nchi, akaitupia posta, ikapanda treni, siku chache imefika. Ndo maana humo unakuta majina ya makambi, ratiba za kozi, malalamiko dhidi ya maofisa, nani kafeli mtihani wa urubani na kahamishiwa wapi, mambo ya wazi kabisa. Mwanahistoria anayetafuta askari alikuwa anawaza nini akaanza na barua zilizopita mkononi mwa ofisa, halafu akaziacha ambazo hazikupita, mi sielewi anatafuta nini.

Mfano bora wa hili haukuandikwa kwa chuo, ila unaonyesha uzito wa sauti ya askari wa ndani. Aprili 1944 jarida la jeshi la Yank lilichapa barua ya koplo mweusi, Rupert Trimmingham. Yeye na wenzake walikuwa wanahamishwa kutoka Camp Claiborne, Louisiana, kwenda Fort Huachuca, Arizona, njiani wakakosa pa kula kwa sababu ya rangi yao, wakaambiwa wapitie jikoni kwenye kimgahawa cha stesheni, na wakiwa pale wakaona wafungwa wa kivita Wajerumani wanaletwa na walinzi wao, wanakaa mezani, wanahudumiwa, wanavuta sigara. Akauliza wanapigania nini. Barua zikamiminika ofisi za Yank, zikiwemo za askari weupe waliokasirishwa na jambo lile. Huyu hakuwa kwenye mstari wa mbele wowote, alikuwa anasafiri kwa treni ndani ya nchi yake mwenyewe. Kwa kipimo cha watu wanaopanga maboksi kwa ukaribu wa risasi, barua kama ya Trimmingham ingekuwa boksi la mwisho.

Hoja ya pili ni nani anaandikiwa. Watu wanachukulia barua ni barua, lakini askari haandiki kwa mama yake kama anavyoandika kwa mwalimu wake, kwa mama anaficha, nakula vizuri, silali baridi, usiwe na wasiwasi, na kwa mpenzi anaandika ya mpenzi. Kwa mkutubi au profesa hana sababu ya kutuliza mtu, na anajua huyu mtu anamthamini kwa kichwa chake, kwa hiyo anaeleza. Mjomba wangu alipita JKT Mafinga miaka ya 80, barua zake kwa bibi zilikuwa mistari mitano na salamu kwa majirani wote kwa majina, ila mwalimu wake wa zamani wa jiografia alitunza moja ambayo ilikuwa kurasa sita, udongo wa kule, baridi ya asubuhi, mahindi wanayolima na kwa nini anadhani yatakubali. Tuliisoma msibani kwake na watoto wake wakasema hawakuwahi kumjua huyo baba. Basi ukienda kwenye barua za kina Thompson na Post utaona kitu hicho hicho, kijana aliyesomea ualimu anaangalia jeshi linavyofundisha na anapima kama mwalimu, aliyesoma jiografia anaeleza nchi anayoipita kwa treni. Na wapo wanawake pia, maana jeshi la wanawake lilianzishwa Mei 1942 na kuruta wa kwanza wakapelekwa Fort Des Moines, Iowa, na mwanafunzi wa ualimu aliyejikuta Iowa amevaa gwanda alikuwa na mengi ya kumweleza mkutubi wake kuliko ambavyo angemweleza baba ambaye pengine hakutaka aende.

Kitu cha tatu, na hiki kinapitwa sana, ni anwani. Askari wa ndani alikuwa anahamishwa hamishwa kuliko mtu anavyodhani, anapokelewa kambi ya Fort Dix, New Jersey, anapelekwa Miami Beach wiki kadhaa, kozi ya redio Scott Field, Illinois, halafu kwingine tena, na wenzake wa darasa nao hivyo hivyo kila mtu na njia yake, kwa hiyo hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Chuo ndo kitu pekee ambacho hakikuhama. Kwa hiyo jarida kama la Post likageuka kuwa kama ubao wa matangazo wa stendi, fulani yuko hapa, anwani yake hii, fulani ametekwa, fulani ndege yake haikurudi, fulani kaoa, na kijana wa Texas akisoma anagundua kumbe rafiki yake yuko kambi ya maili chache kutoka alipo. Watu wanaosema vyuo vilifanya hivyo kujijengea jina au kuandaa wachangiaji wa baadae wanasahau hili, hakukuwa na njia nyingine ya kijana mmoja kumpata mwenzake, ukimtoa mama wa kila mmoja ambaye humjui. Sikatai kwamba chuo kilifaidika, kilifaidika, lakini kufaidika baadae sio ushahidi wa nia ya mwanzo.

Sasa nije kwa wanaopinga, na nianze na hoja dhaifu ili tumalizane nayo, kwamba huyu hakuona vita kwa hiyo hana cha kusema. Jeshi la anga la Marekani peke yake lilipoteza karibu watu 15,000 kwenye ajali za ndege ndani ya Marekani, nchi kavu ya nyumbani, bila adui yeyote kurusha risasi. Kijana anayeandika kwamba darasa lao lilikuwa na watu kadhaa na sasa wamepungua, hajaona vita? Na chukua ule mpango wa ASTP, jeshi lilitangaza Desemba 1942 kwamba litawapeleka askari wenye vichwa vizuri vyuoni wakasome uhandisi, lugha, udaktari, zaidi ya 100,000 wakawa wamekaa madarasani na magwanda yao, tena mara nyingi kwenye vyuo ambavyo sio vyao, halafu Februari 1944 jeshi likakatisha karibu mpango mzima kwa sababu lilihitaji watu wa kubeba bunduki, na wengi wao waliingizwa kwenye askari wa miguu na kabla mwaka haujaisha wako Ulaya. Barua ambayo mmoja wa hao angemwandikia profesa wake wa zamani Machi 1944 ni barua ya vita kuliko zile za vita zenyewe, ndani yake unamkuta mtu anayeona ahadi inavunjika na bado ana nafasi ya kulisema hilo bila mkaguzi. Miezi mitatu baadae akiwa kwenye meli hana tena nafasi hiyo. Kwa hiyo hoja ya hakuona vita mi naiweka kando kabisa.

Ila kuna pingamizi ambazo haziwekeki kando. La kwanza ni kwamba hawa sio askari wa kawaida. Mwaka 1940 Wamarekani wazima waliokuwa na digrii walikuwa kama mmoja kati ya ishirini, na askari wengi walikuwa hawajamaliza hata sekondari, kwa hiyo ukijenga historia ya jeshi kwa barua za waliosoma chuo unajenga historia ya tabaka moja. Ni kweli na inabidi iandikwe juu ya kila mkusanyo kwa wino mzito. Vyuo nilivyovitaja havikuwa vya matajiri, ualimu Newark na biashara Bryant walikwenda watoto wa wafanyakazi, lakini bado ni watu walioweza kwenda chuo, na zaidi weupe. La pili ni kwamba anayeandika ni yule anayekipenda chuo, aliyechukia hakuandika, na nyingi ni za kushukuru vifurushi, na mtu akishukuru sigara halalamiki sana. Hili pia ni kweli, na ndo maana kwenye mkusanyo wa Bryant unatakiwa usome aya ya pili na kuendelea, shukrani zinaisha aya ya kwanza halafu mtu anaanza kuongea. La tatu, majarida yalihaririwa, Post na Thompson walichagua nini kichapwe, kwa hiyo anayesoma jarida tu bila barua yenyewe anasoma chujio. Hili ndo linanipa nguvu zaidi mimi kuliko wao, kwa sababu majarida yalichapwa nakala nyingi na yatapatikana, barua yenyewe ni moja, ikiloa imekwenda.

Na hapa nakuja kwenye moto. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi St. Louis liliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, na kwa jeshi la nchi kavu ni kama asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960. Fikiria hiyo kitu taratibu. Aliyepigana Normandy hata faili lake likiungua anaweza kupatikana kwingine, kwenye ripoti za kikosi kila siku, kwenye medali, kwenye vitabu vya divisheni yake, kwenye makaburi. Karani wa kambi ya Mississippi aliyekaa miaka mitatu anagawa viatu hana historia ya kikosi iliyoandikwa na mtu, hana medali ya maana, hakuna kumbukumbu ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya waliogawa viatu. Mjukuu wake akiuliza babu alifanya nini vitani, jibu linaweza kuwa kwenye kurasa mbili alizomwandikia mkutubi wa New Jersey na sio popote pengine duniani. Unapoamua boksi lipi lisubiri inabidi ujiulize lipi halina mbadala, na kwa kipimo hicho la askari wa ndani linapanda juu lenyewe.

Kuna na suala la kilichofuata. Juni 1944 rais Roosevelt alisaini ile sheria ya GI Bill, na zaidi ya milioni 2 ya waliorudi wakaenda vyuoni kwa hela ya serikali, mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo Marekani walikuwa wanajeshi wa zamani. Wakuu wa vyuo vikubwa akiwemo Hutchins, mkuu wa chuo kikuu cha Chicago, walikuwa na hofu, wanajeshi watakuja kuharibu vyuo. Hawakuharibu, walisoma kwa bidii mpaka wenzao wadogo wakawalalamikia. Sisemi barua za Newark zilileta GI Bill, wengi walionufaika hawakuwahi kukanyaga chuo kabla, nasema mtu aliyekuwa anasoma barua za askari wa ndani kuanzia 1942, watu wanaouliza kozi, wanaoomba vitabu, wanaojiita bado wanafunzi wakati wana miaka miwili kwenye gwanda, asingekuwa na hofu ile ya Hutchins. Taarifa ilikuwepo, imekaa mezani kwa mkutubi, hakuna mkubwa aliyedhani ni taarifa.

Na kwetu? Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma na KAR, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, waliandika pia, wengine kwa mkono wa mwenzao anayejua kuandika, na barua zao zilipita kwa wakaguzi, kiasi kwamba kinachobaki mara nyingi ni ripoti ya mkaguzi kuhusu barua na sio barua. Yaani sisi tumebakiwa na wembe, karatasi hatuna. Leo kijana wa Kitanzania yuko kambini Ruvu au kwenye ulinzi wa amani nje, anaandika kwenye grupu la WhatsApp la shule yake ya zamani usiku akipata mtandao, na grupu lile likifutwa au simu ya admini ikianguka kwenye maji imeisha. Shule zetu zina walimu wa aina ya Thompson, nawajua baadhi, wana namba za wanafunzi wa miaka 20 na wanajua nani yuko wapi kuliko ofisi yoyote. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanachofanya ni kumbukumbu.

Kwa hiyo wale wanaoamua maboksi sasa hivi, huko Marekani na hata sisi tukianza, naomba kitu kimoja cha vitendo, anzeni na za makambi ya ndani za 1942 hadi 1944, na msiskani karatasi peke yake mkaacha bahasha. Kuna makusanyo ambayo bahasha zilitupwa zamani kwa kuonekana zinajaza nafasi bure. Bahasha ndo ina mhuri wa posta wenye jina la kambi na tarehe, ndo ina anwani ya kwanza iliyofutwa kwa kalamu na ya pili na ya tatu pembeni kwa mwandiko wa karani mwingine, na pale kona ya juu kulia, mahali pa stempu, lile neno moja kwa mkono wa kijana mwenyewe.